Mama Uji Hatukani kwa Amri

Mara ya kwanza kumwona Mama Uji alikuwa amemkamata dereva wa lori kwa ukosi wa koti, na mwiko wake uko juu, tayari kushuka. Ukashuka. Dereva alikuwa mtu wa mabega mapana, na alipigwa kwenye kipaji cha uso mbele ya wanaume waliopanga foleni ya uji, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kosa lake lilikuwa kumwambia kwamba mwanamke hana ruhusa ya kumsema kiongozi wetu.

"Mimi namsema Mungu kila Jumapili," Mama Uji akamwambia, "na Mungu hajamtuma dereva kuja kuninyamazisha. Sasa kunywa uji ama umpishe mwenzako."

Dereva akanywa.

Hapo palikuwa nje ya lango la kiwanda cha magome ya miti ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, mjini Thika, kwenye mteremko wa kwenda daraja la Chania. Mimi nilikuwa kibarua wa kupakua magome. Mama Uji alikuwa akifika kabla ya king'ora cha kwanza, madebe mawili ya uji mchachu mgongoni, kamba imemkata paji hadi ikaacha mfereji usiofutika. Tulikunywa uji wake kwa miaka mingi, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lingine.

Yule kiongozi simtaji. Siku hizo nasi hatukumtaja. Tulisema "yule mzee", au "yeye" tu, na kila mtu akajua. Alikuwa bado anazunguka akihutubia mikutano, na upande wetu wa Thika na Ruiru watu walikuwa hawana mazungumzo mengine. Kiapo cha siri cha kuwafukuza Wazungu kilikuwa kimeanza kuliwa vijijini. Je, yule mzee alikiunga mkono au alikipinga? Mbele ya umati alisema kitupwe. Wengine walisema hiyo ilikuwa lugha ya kuwafunga Wazungu macho. Wengine walisema amewaogopa Wazungu. Wengine walisema alikuwa akisema tu alichomaanisha. Kwa jambo hilo niliona ndugu wa tumbo moja wakitoana meno.

Mama Uji alikuwa amemwuliza mwenyewe. Nilisikia kisa hiki kwake, kisha nikakisikia kwa watu watatu waliokuwepo, kwa hiyo nakiamini. Ulikuwa mkutano mkubwa, watu wamejaa uwanja mpaka juu ya miti. Mama Uji alisimama karibu na jukwaa, na kiongozi alipofika mahali pa kulaani kiapo, akapaza sauti: "Mzee, hayo maneno unatuambia sisi, ama unawaambia polisi wanaoandika?"

Alisema kiongozi aligeuka akatafuta ni nani. Kabla hajafungua mdomo, wanawake wenzake walikwisha kumvuta Mama Uji kwa nguo, wakamwangusha, na mmoja akamkalia. Aliondoka uwanjani na shuka iliyochanika. Lakini kuanzia siku hiyo alishika njia moja na hakuiacha: alisikia kwa masikio yake kwamba kiapo kitupwe, basi kimetupwa. Kama kulikuwa na maana nyingine, mwenye maana aje aieleze.

"Mimi simpimi mtu kwa makofi aliyopigiwa," alikuwa akipenda kusema. "Nampima kwa neno alilolitoa mdomoni."

Na alimpima kweli kweli. Alisema yule mzee anachelewa mikutanoni, na watu wamesimama juani tangu asubuhi na watoto mgongoni. Alisema anazungumza habari za mashamba kama mtu ambaye hajaumwa na mgongo. Alisema anajua kututia moto lakini hajui kutuambia twende wapi na huo moto. Aliyasema haya akikoroga, akichota, akimpokonya mtu kibuyu kwa sababu amekaa nacho sana. Ukimuunga mkono haraka, alikugeukia: "Wewe nyamaza. Umewahi kusimama mbele ya watu kumi ukawaambia kitu? Yule amesimama."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hukujua leo atakuwa upande gani, na upande wowote aliokuwa alikuwa na mwiko mkononi. Alikuwa mtu wa kanisa na alivuta ugoro. Alihubiri amani na nilimwona akimng'oa mtu jino kwa ngumi. Binti yake aliolewa mbali, na watu walisema alikimbia ulimi wa mama.

Wanywaji wake wawili ndio walioshindana naye zaidi. Mmoja ni yule dereva, aliyempenda kiongozi kiasi kwamba alinyoosha sauti kumwigiza. Mwingine alikuwa karani wa mizani, mtu wa Ruiru, mwembamba, mwenye tai hata siku za vumbi. Karani alisema waziwazi kwamba yule mzee atatuzika sote. Kwamba vijana watakufa na yeye atabaki kuandikwa magazetini. Alisema hivyo kila asubuhi kwa sauti ya kusoma hesabu, na kila asubuhi dereva alitetemeka kwa hasira.

Siku moja dereva alimwambia, "Rudia." Karani akarudia. Dereva akatoa kisu cha kuchunia ngozi, akamchoma pajani, akakivuta ili achome tena. Sisi wengine tuliruka nyuma. Mama Uji alinyanyua debe lililokuwa linafuka moshi, akamwagia dereva miguuni. Nasikia ule mlio wake mpaka leo. Alianguka akigaagaa, na Mama Uji akamkanyaga mkono wa kisu mpaka vidole vikafunguka, kisha akavua kitambaa chake cha kichwa akamfunga karani paja.

"Mnauana kwa ajili ya mtu asiyewajua hata kwa sura," akawaambia. "Yeye akija hapa leo, atauliza hawa ni nani."

Karani, rangi imempotea, akasema, "Si hayo ndiyo ninayosema mimi?"

"Nyamaza wewe," Mama Uji akamjibu. "Damu yako inanichafulia nguo."

Baada ya majuma machache kiongozi alikamatwa, na nchi ikawekwa chini ya hali ya hatari. Asubuhi habari ilipofika, malori ya askari yalikuwa yakipita kuelekea Fort Hall, moja nyuma ya lingine. Mama Uji alisikia, akachukua madebe yote mawili, akamwaga uji mtaroni. Halafu akapindua debe moja, akalikalia, akalia kwa sauti, kamasi zikimtoka, na wanaume wazima wamesimama na vibuyu vitupu.

Karani ndiye aliyethubutu. "Mama, si wewe uliyekuwa ukimsema kila siku?"

"Nilimsema kwa sababu yuko. Sasa nitamsema nani? Ukuta?"

Huyo karani ndiye tuliyemwopoa mtoni mwezi uliofuata, chini kidogo ya maporomoko. Alikuwa na kamba shingoni, na tai yake ilikuwa imesokomezwa mdomoni. Tulikuwa wanne tuliotumwa na msimamizi wa kiwanda kumtoa, na Mama Uji alitukuta tumemlaza juu ya mwamba, hakuna anayetaka kumgusa tena. Watu waliogopa kuonekana wakimhurumia. Mama Uji alipiga magoti, akaitoa ile tai mdomoni, akaifua kwa maji ya mto, akamfunga nayo shingoni vizuri kama alivyokuwa akiivaa.

"Alikuwa mjinga," akasema, "lakini alikuwa akinijibu."

Juma hilohilo askari wa kijiji waliowekwa na serikali, wale tuliowaita homugadi, walimchukua dereva kwa kifo cha karani. Maiti yake iliwekwa mbele ya kituo cha polisi ili tuione. Tuliambiwa alipigwa risasi akikimbia. Mama Uji alisogea mpaka kwenye maiti, akaizunguka, akamwuliza askari kwa sauti ambayo barabara nzima ilisikia: "Alikimbia na mikono imefungwa nyuma?"

Alipigwa kofi lililomwangusha juu ya yule marehemu. Akajipangusa, akauliza tena. Akapigwa kofi la pili. Sikujua kama dereva ndiye aliyemuua karani. Wala Mama Uji hakujua, na alikuwa na makovu ya kugombana na wote wawili, lakini alitaka jibu.

Watu wa kiapo walimfikia jioni moja, kuku hawajaingia bandani. Walikuwa vijana sita. Wawili kati yao aliwalea kwa uji wake. Hatukuwepo, lakini kesho yake alikuja langoni kama kawaida, debe mgongoni, kichwa kimefungwa kwa shuka, na damu imekauka mpaka kifuani. Hakuna aliyenyoosha kibuyu.

"Kunyweni," akasema. "Haikuingia kwenye uji."

Mmoja wetu akamwuliza ni nani waliomfanyia hivyo.

"Ni watu wanaosema wanamtii yule mzee. Nimewaambia alisema kiapo kitupwe. Wakasema hakumaanisha. Nikawaambia, nendeni mkamwulize alikofungwa, mimi nilisikia kwa sikio hili." Akagusa shuka upande wa kushoto. "Ndipo wakalikata."

Kuna aliyecheka kwa woga. Yeye hakucheka. Kwenye shingo alikuwa na alama ya kamba ya ngozi, nyeusi, imezunguka kote; walikuwa wamemkaba mpaka akazimia, akaamka, wakamkaba tena. Hakusema kama mwishowe alikula kiapo au hakula. Nilimsikia akiulizwa hilo na watu wa pande zote mbili, na wote aliwajibu kwamba waende wakamwulize Mungu.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Askari walipokuja kusomba wanaume mtaani kwetu Kiganjo, tulikalishwa chini mikono kichwani kutwa nzima. Wengine waliingizwa kwenye malori, na wachache kati yao ndio waliorudi. Jua likitelemka hedimani, msaidizi wa chifu mtaani kwetu, alisimama mbele yangu, akatupa rungu miguuni mwangu, akasema, "Chukua hilo, ama panda lori." Nilichukua. Nilipewa koti, kitambaa cha kufunga mkononi na kofia. Kuanzia hapo nikawa homugadi.

Kijiji chetu kilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na Mama Uji akahamishiwa humo kama wengine wote. Nyumba yake ya zamani ilichomwa pamoja na madebe yake. Alilima barabara kwa lazima, akabeba mawe, akapigwa viboko kwa kuongea kazini. Aliponiona na rungu mara ya kwanza alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akasema tu, "Limekukaa," akapita na mawe yake.

Kisha ikaja baraza ya kulaani. Serikali ilitaka watu wamkane kiongozi hadharani, mmoja mmoja, na mkuu wa tarafa, Mzungu kijana mwenye shingo nyekundu, alikuja mwenyewe kusikiliza. Ilikuwa mchana, jua la utosi. Kila mtu aliitwa mbele, akasimama, akasema maneno tuliyofundishwa: kwamba yeye ni mwongo, ni muuaji, na alaaniwe yeye na kizazi chake. Walisema wazee. Walisema wanawake waliomwangusha Mama Uji siku ile ya mkutano. Mimi nilisema wa nne, kwa sauti ya kutosha, na nikarudi kwenye mstari wangu wa walinzi.

Chifu alimwita Mama Uji akitabasamu. Alijua historia yake. Alidhani huyu atasema hata zaidi ya aliyofundishwa.

"Haya mama, wewe ulikuwa ukimsema tangu zamani. Mwambie bwana mkubwa."

Mama Uji akasimama. "Mabaya yake nilimwambia mwenyewe," akasema kwa lugha yetu, "akiwa na watu wake uwanja mzima, na hakuna aliyeniamuru. Nyinyi siku hiyo mlikuwa wapi? Mlikuwa mkimpigia makofi. Wewe chifu ulikuwa mstari wa mbele, nilikuona. Leo amefungwa mikono, ndio mnanipa jiwe nimrushie. Sitaki."

Mzungu akauliza huyu mama anasema nini. Chifu akamjibu kwa Kiswahili, "Anasema anampenda sana yule mtu, bwana."

"Sikusema hivyo!" Mama Uji akapiga kelele. "Mwambie sawasawa! Simpendi, na simtukani kwa amri!"

Mzungu alitazama saa yake, akamwinamia hedimani. Hedimani akaja kwenye mstari wetu, akatembea polepole, akasimama kwangu.

"Wewe uliyekuwa ukinywa uji wake. Anza."

Nilienda. Nilimpiga begani, pigo la kuonekana tu. Hedimani alinipiga kwa kitako cha bunduki kwenye shingo, nikaona giza. "Nimesema piga!" Nikainua rungu kwa mikono miwili. Mama Uji akainua mkono wa kulia kujikinga, na nilisikia mfupa ukikatika kama ukuni mkavu. Mkono ukaning'inia. Hakulia. Wengine wakaja, wanne au watano, na kwa kuwa nilikwisha kuanza sikuona namna ya kuacha. Nakumbuka kwamba nilikuwa natweta. Nakumbuka kofia yangu ilianguka, nikaiokota, nikaipangusa vumbi, nikaivaa, nikaendelea.

Watu wote walitazama. Hakuna mtoto aliyelia. Alipoacha kusogea hedimani alisema inatosha, wakamburuta mpaka kwenye lori, na baadaye tukasikia kwamba amepelekwa kambi ya wanawake. Baraza ikaendelea. Waliobaki walilaani kwa sauti kubwa zaidi.

Jioni ile tuligawiwa nyama, nami nikala.

Miaka ikapita. Vita vya msituni vikaisha, vizuizi vikalegezwa, nikavua lile koti na kupata kazi kiwanda cha kahawa huko Ruiru, ambako hakuna aliyenijua. Upepo ukageuka. Yule mzee, angali kizuizini mbali kaskazini, akawa ndiye wimbo wa kila mdomo. Watu walitaka aachiliwe. Waliomlaani mbele yangu niliwaona wakivaa picha yake kifuani. Niliivaa na mimi.

Jumapili moja kulikuwa na mkutano karibu na stesheni ya Ruiru. Msemaji alikuwa kijana mwenye suti, sauti nzuri, na alifika mahali akanyoosha mkono juu yetu sote: "Katika miaka yote ile ya mateso, hakuna hata mmoja wetu aliyemkana!"

Tukapiga makofi.

"Uongo huo," sauti ikasema.

Alikuwa amekonda hata sikumtambua kwa mwili. Nilimtambua kwa jinsi watu walivyompisha. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda vibaya chini ya kiwiko. "Mimi niliona wakimkana mmoja mmoja mchana kweupe," akasema. "Simlaumu mtu, tuliogopa. Lakini akitoka mtamdanganya na yeye pia? Mtu akiwa anadanganywa na watu wake tangu siku ya kwanza, atatawala namna gani? Mwambieni ukweli. Na yeye ana yake ya kutuambia, asidhani yamesahauliwa."

Kijana wa suti akasema, "Mama, keti." Mwingine akasema, "Mtoeni huyo." Donge la udongo likampiga kifuani. Alisogea mbele badala ya kurudi nyuma, na mtu akamshika kitambaa cha kichwa akakivuta, sikio lililokatwa likaonekana.

"Msaliti! Tazameni sikio! Alikatwa na watu wetu!"

Hapo wakamvamia. Walikuwa vijana wadogo, wengine hawakuwa wamebalehe siku za baraza. Walimpiga mateke akiwa chini, huku wakiliita jina la yule mzee. Sijui niliingiaje. Nilipigwa mdomoni, nikapigwa mbavuni, nikamshika kwapani nikamburuta mpaka nyuma ya duka la Mhindi mmoja, na mke wa mwenye duka akafungua mlango wa jikoni, akatupatia maji kwenye kikombe cha bati, akafunga tena haraka.

Mama Uji alikaa ukutani akisukutua. Alitema damu. Mimi nilichuchumaa mbele yake.

"Mama, unanijua?"

"Wewe ni wa magome," akasema.

"Siku ile barazani..."

"Ulikuwa wa kwanza."

"Nilidhani hukuona ni nani. Damu ilikuwa machoni."

"Damu ilikuja baadaye. Nilikuwa nakutazama wewe."

Nikamwambia niliamriwa. Nikamwambia habari ya lori, na ya kitako cha bunduki. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza, jambo ambalo langoni halikutokea hata mara moja. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Yule mzee, ulikuwa unamchukia?"

"Hapana, mama."

"Basi ulimpenda?"

Nilitaka kusema ndiyo. Picha ilikuwa kifuani pangu. Lakini alikuwa akinitazama, nikamwambia ukweli: kwamba sikuwahi kuwa na neno juu yake, si zuri wala baya; kwamba nilitaka tu kuishi.

Nje walikuwa wameanza kuimba.

"Hedimani alimchukia," akasema. "Nilijua ananipigisha kwa nini. Wale walionikata sikio walimpenda. Wanyama, lakini nilijua. Hata hawa wa leo najua." Akashika ukuta kwa mkono mzima, akasimama, nami nikasimama kumsaidia, akajitoa. "Wewe ulinivunja mkono kwa ajili ya mtu ambaye hukuwa na neno juu yake. Hata moja."

Akanipa kile kikombe nikirudishe kwa wenyewe.

"Wewe sijui nikuweke wapi," akasema.

Akajifunga kitambaa chake kwa mkono mmoja na meno, akashika njia ya Juja, akichechemea katikati ya barabara. Sikumfuata. Nilibisha kwenye mlango wa Mhindi, lakini hawakufungua, maana waliogopa, nami nikabaki nikibisha.